Zawadi ya Chilewa kwa Mama Mkwe

Betri haipimwi ikilala, hupimwa ikibeba. Nimewajibu hivyo mlipokuwa mkimsifu yule kijana anayegombea uenyekiti wa mtaa, eti ni mpole, ana maneno matamu, hajawahi kugombana na mtu. Mkacheka, kisha mkauliza bibi kaitoa wapi methali ya betri, maana wahenga hawakuwa na betri. Basi kaeni. Wahenga hawakuishia zamani, na methali hii ilizaliwa hapa hapa Mpwapwa, ikazaliwa na hasira. Chanzo chake ni hiki.

Nyuma ya soko, kwenye safu ya vibanda vya mafundi, palikuwa na mwanamke aitwaye Madeje. Kazi yake ilikuwa kufufua betri kuukuu za kompyuta mpakato. Wenye kompyuta zao wakiona betri haikai na chaji, huitupa. Lakini ukilipasua lile ganda la plastiki utakuta ndani seli sita au zaidi, kila moja nene kama kidole gumba, na mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili. Nyingine zimeponzwa na jirani. Madeje alizitoa, akazichambua, na zile zilizofaa akaziunganisha upya kuwa pakiti ya kuwashia taa au redio.

Katika kupima hakuwa na huruma. Seli aliichaji, kisha akaiacha siku kadhaa bila kuigusa, aone kama chaji inavuja yenyewe. Iliyovuja aliikataa. Iliyobaki aliifunga kwenye balbu, akaketi nayo akiitazama mita ya umeme mpaka seli ichoke. Alijua kwamba seli mbovu ikiwa imepumzika husoma vizuri tu, sawa na nzima. Ikipewa mzigo ndipo huanguka. Mteja aliyeleta haraka zake alijibiwa, "Kanunue mshumaa." Na aliyekabidhiwa pakiti alipewa masharti kama katoka kwa mganga: usiijaze pomoni kila siku, usiinyonye mpaka iishe kabisa, usiiache juani wala kwenye joto la bati. Waliomsikiliza walidumu na betri zao za jalalani mpaka wakasahau zilitoka wapi.

Nusu ya kibanda hicho aliipangisha kwa fundi simu aitwaye Chilewa. Kijana mtanashati, sauti ya taratibu, hajui kufoka. Akampenda Madeje, na Madeje naye akampenda, kwa nini tufiche. Ila aliyempenda kuliko wote alikuwa Bi Nyemo, mama yake Madeje, mjane aliyesumbuliwa na pumu. Chilewa alikuwa akifika jioni, anakunywa chai, anasikiliza habari za magonjwa yote ya Bi Nyemo bila kupiga miayo. Bi Nyemo akawa anasema, "Huyu ndiye mtu. Hata akikanyagwa, anayeomba radhi ni yeye."

Sasa, mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Kabla washenga hawajaja kumaliza maneno, mchumba aliye fundi humpelekea mama mkwe kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Seremala atapeleka kiti, mshonaji atapeleka gauni. Na kitu hicho binti hakikagui wala hakijaribu. Kukikagua ni sawa na kumwita mchumba wako tapeli mbele ya watu.

Chilewa akasema atamtengenezea mama pakiti ya kuendeshea mashine yake ya mvuke wa dawa, maana umeme ulikuwa ukikatika ovyo na pumu haingoji umeme urudi. Watu wakasifu. Madeje pia alifurahi, nusura alie. Lakini siku moja aliingia kibandani akamkuta Chilewa anapima seli. Anagusisha mita huku na huku, anasoma, anaweka. Anachukua nyingine, anagusisha, anasoma, anaweka. Balbu ya kupimia iko pale pale ukutani, haijashushwa. Madeje alifungua mdomo. Kisha akaikumbuka ile desturi, akaufunga, akatoka nje kwenda kununua maji asiyoyahitaji.

Hapo ndipo mimi huwa nakasirika, tena sana. Mwanamke asiyeiamini seli hata kama imetoka kwa baba yake, akaja kuona aibu kuuliza swali moja juu ya pumzi ya mama yake mzazi, kisa adabu. Adabu gani hiyo?

Pakiti ikapelekwa, imefungwa nailoni ya buluu, ina kitaa cha kijani. Vigelegele vikapigwa. Haikupita wiki, mchana wa upepo na vumbi, umeme ukakatika na kifua cha Bi Nyemo kikabana. Madeje alikuwa nyumbani siku hiyo. Akaichomeka mashine kwenye ile pakiti, akamvalisha mama barakoa ya dawa. Mashine ikanguruma, mvuke ukatoka, Bi Nyemo akavuta mara chache. Kisha mngurumo ukafifia, mashine ikazimika. Madeje akaizima na kuiwasha tena. Ikanguruma kidogo, ikazimika. Na kila ilipozimika, kile kitaa cha kijani kiliwaka upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Midomo ya Bi Nyemo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Madeje akambeba mama yake mgongoni hadi barabarani. Jirani mwenye bajaji akawakimbiza hospitali, na huko wauguzi wakampa hewa, wakampa dawa. Bi Nyemo akapona. Chupuchupu, lakini akapona.

Chilewa alifika wodini jioni, amevaa vizuri, ameshika chupa ya chai. Akatoa pole kwa sauti yake ile ile ya taratibu. Kisha akasema, "Ila nimepitia nyumbani kwenu nikaipima ile pakiti. Ni nzima, inasoma volti kumi na mbili na ushei. Nadhani mama aliiwasha vibaya, si unajua akibanwa huwa anahangaika."

Bi Nyemo alikuwa macho na alisikia. Madeje naye alisikia. Maneno yake aliyaahirisha, kwa kuwa wodini palikuwa na wagonjwa wengine. Lakini usiku ule hasira haikumruhusu kulala, na wa kwanza kukasirikiwa alikuwa yeye mwenyewe.

Siku ya washenga haikuahirishwa. Walikuja wazee wawili, wajomba zake Chilewa, na Chilewa mwenyewe nyuma yao. Wakakaribishwa sebuleni, Bi Nyemo akiwa ameegemezwa mito. Walitegemea Madeje atatoka na sinia la vinywaji. Alitoka na sinia kweli, na juu yake kulikuwa na ile pakiti, mita, na balbu ya taa ya pikipiki.

"Shikamooni wajomba," alisema, akaliweka sinia mezani. "Kabla ya soda, naomba mtazame kitu."

"Mwanangu, zawadi ya ukwe haikaguliwi," alisema mjomba mkubwa.

"Iliyomnyima mama yangu pumzi si zawadi, mjomba. Tazameni."

Akagusisha mita. Ikasoma kumi na mbili na kidogo. Chilewa akatabasamu, akawageukia wajomba zake kama mtu aliyeshinda kesi. Madeje akaunganisha balbu. Ikawaka nyeupe, ikawa njano, ikawa nyekundu kama kaa la jikoni, ikafa. Namba za mita zilikuwa zimeporomoka. Akaiondoa balbu, na namba zikaanza kupanda zenyewe kurudi zilikotoka.

"Hizi seli ulizitoa wapi?" Madeje aliuliza.

"Kwenye kibanda chako," Chilewa alijibu. "Boksi la chini ya meza. Kwa hiyo kama ni mbovu, wajomba, fundi wa betri si mimi."

"Lile ni boksi la zilizokataliwa. Nimeliandika kwa wino mwekundu, na wewe unajua kusoma."

"Niliona umeandika. Lakini unajua unavyozidisha ukali, Madeje. Mita ilizikubali zote."

"Ilizikubali zimelala. Balbu ilikuwa ukutani, mkono wako unaifikia, na aliyekuwa anangoja hiyo pakiti ni mgonjwa wa pumu. Ulishindwa nini?"

Chilewa akatazama viatu vyake. Mjomba mkubwa akakohoa, akaona aokoe jahazi. "Bi Nyemo, tusiharibu jambo kwa hasira za vijana. Wewe ni mtu mzima na mtoto huyu unamjua. Mwaka mzima anaingia humu ndani. Umewahi kumwona na ubaya?"

Bi Nyemo akavuta pumzi, maana siku hizo kila sentensi ilibidi aikusanyie hewa kwanza. Madeje alimwinamia ili amsaidie kukaa vizuri, lakini mama akamzuia kwa mkono, akajiinua mwenyewe.

"Sijawahi," alisema. "Mwaka mzima nilimpima akiwa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, hana alichobeba. Akasoma vizuri, nami nikamsifu mtaa mzima. Juzi nikiwa kitandani pale hospitali, nikampa mzigo mmoja tu, tena mwepesi, wa kusema 'nimekosea, mama'. Akautupa juu yangu, mimi niliyekuwa sina pumzi. Leo kapewa tena, kautupa juu ya binti yangu. Mchukueni mtoto wenu, jamani, sina kinyongo na nyinyi. Kosa la kupima ni langu. Betri haipimwi ikilala, hupimwa ikibeba."