Mbegu Zilizokuwa Juu ya Jiko

Huko juu kwenye nchi ya baridi na miti ya miwati aliishi mkulima aliyeitwa Ezekia, na katika jiko la nyumba yake moto ulikuwa haujawahi kuzimika. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo kando ya nyumba, na mafiga matatu katikati. Juu ya mafiga, kwenye boriti, yalining'inia mahindi ya mbegu. Yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakakaa pale tangu mavuno hadi siku ya kupanda, na moshi ukayapitia mchana kutwa. Yalikuwa meusi kwa masizi. Mgeni angedhani yameharibika na kusahauliwa.

Mwenye mbegu hizo alikuwa mama yake Ezekia, mjane aliyeitwa Tabea. Alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, akazitunza miaka arobaini na sita. Kila mavuno alichagua mahindi yaliyojaa hadi nchani, akayatundika, akayashusha, akayapanda. Majirani wote walikwisha kuhamia kwenye mbegu za dukani, kwa hiyo mbegu ile ilibaki kwa Tabea peke yake. Haikuzaa sana. Lakini iliijua baridi ya mahali pale, haikudai mbolea, na mwaka hadi mwaka ilijizalisha yenyewe bila mtu kwenda dukani. Mama yule hakuwa na kitu kingine cha kuwaachia wajukuu zake. Nawaambia hilo mapema ili mjue tunazungumzia nini.

Ezekia alikuwa mtu mwema. Msimdhanie vibaya kabla sijamaliza, maana najua mlivyo wepesi. Hakuwa na mkono wa birika, wala hakumnyima mtu chakula chake. Alikuwa tu hawezi kuvumilia kitu kipotee. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye kabichi. Majivu yalikwenda kwenye vitunguu. Maganda ya viazi yalikwenda kwa nguruwe, na samadi ya nguruwe ikarudi kwenye viazi. Vipande vya sabuni vilivyokonda alivikanda pamoja vikawa mche mpya wa rangi tatu. Njiti moja ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Mnacheka, lakini hakuna hata mmoja kati yenu mwenye bustani kama yake. Nguo yake ya kanisani ilikuwa na viraka, na binti zake wawili walikuwa na viatu. Alibana kwa ajili yao, na alianza kubana kwake mwenyewe.

Mwaka mmoja kijiji kilizuia watu kukata kuni msituni, kila mtu akabaki na miwati ya shamba lake. Ezekia akaanza kuutazama moto wa jikoni kwa macho mapya. Asubuhi uliwaka, na juu yake palikuwa na sufuria ya uji, hilo alilielewa. Saa nne uliwaka, na juu yake hapakuwa na kitu. Saa nane uliwaka, hapakuwa na kitu. Gogo moja lilisogezwa taratibu ndani ya mafiga, moto ukala mti mzima wa mwati, na hakuna aliyepika. Mama yake alikaa pembeni akikoleza. Kwake Ezekia ile ilikuwa kama kuona debe la maziwa limetoboka.

Basi akaweka utaratibu. Moto ungewashwa mara moja kwa siku, jioni. Chakula cha siku nzima kingepikwa pamoja, na uji wa asubuhi ungelala kwenye chupa ya chai. Sufuria ikiteremka, magogo yatolewe na kufukiwa kwenye mchanga. Mke wake, Vaileti, hakupinga. Moshi ulikuwa umemwumiza macho miaka kumi na miwili, na baada ya wiki mbili macho yakaacha kuuma. Kuni zilizobaki zikapangwa ukutani, zikapanda mpaka usawa wa dirisha, kisha zikalipita. Watu waliopita njiani walisimama kulitazama rundo lile. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimwinua Ezekia na kuwaambia wengine wajifunze kwake, naye akaeleza vizuri, bila majivuno, jinsi ya kujifunga mkanda bila mtu kulala njaa. Kila alichokiona kwa macho yake kilimwambia kwamba amefanya vyema, na hapo ndipo ninapomwonea huruma.

Mama yake alimjia siku moja asubuhi, akiwa amejifunika khanga mbili. Akasema, "Mwanangu, jiko hili halifai kulala baridi. Moto ubaki, hata mdogo." Ezekia alimtazama. Aliiona mikono yake ya uzee, na kifua kilichokuwa kikikohoa, akaingiwa na huzuni kwamba hakufikiria jambo hilo mapema. Akaenda ndani, akachukua koti lake zito, lile la pekee alilokuwa nalo, akamvika mama yake kwa mikono yake mwenyewe na kulifunga vifungo. Siku zile yeye akatembea kwenye ukungu na fulana. Niambieni, ni mtoto gani wa siku hizi angefanya hivyo? Mama alilipokea koti kwa mikono miwili. Alikuwa amefungua kinywa kuendelea, akakifunga. Aliona haya kuonekana kwamba anadai zaidi baada ya kupewa kiasi kile. Mimi humlaumu kidogo kwa haya ile, ingawa nimeiona kwa wazee wengi na naelewa inakotoka. Mtu akishakuwa mgeni kwenye jiko alilolijenga mwenyewe, sauti yake hupungua.

Mara ya pili hakusema. Alikusanya mabua shambani, yale yasiyo na thamani kwa mtu yeyote, akayawasha mchana kwenye mafiga. Mabua huwaka kwa fujo na kufa upesi, lakini moshi wake ni mwingi. Ezekia aliona moshi ukitoka kwenye nyasi za paa, akaja mbio. Hakumkaripia. Alimkumbusha kwa upole kwamba mabua ni ya kufunika vitunguu kabla mvua hazijaanza, akauzima moto kwa maji ya kunawa, akayachukua yaliyosalia. Hakuna kilichopotea. Mama hakujaribu tena. Alivaa koti, akakaa kwenye jiko baridi, akitazama juu.

Mtaniuliza, je, Ezekia hakujua? Mkulima, mtoto wa mkulima, hakujua kwamba moshi ndio unaozuia fukusi, mdudu anayetoboa mahindi? Alijua, kama ninyi mnavyojua mambo mengi. Angeulizwa shuleni angejibu. Lakini tangu azaliwe alikuwa hajauona moto ule ukikosekana, kwa hiyo kazi yake ilikuwa haijawahi kumjia akilini. Alichokiona yeye ni kazi ya kupika, na hiyo aliipangia saa yake.

Kwenye mwezi wa tisa Vaileti alianza kukuta unga mweupe juu ya mafiga kila alfajiri. Ulikuwa mlaini, mwepesi, wa kujaza kiganja. Alidhani ni vumbi la paa, kwa kuwa paa lisilopata moshi hukauka na kupukutika. Akaufagia. Siku nyingine aliufagia mara mbili. Kuna asubuhi Ezekia alimkuta akiutupa nje, akamwambia asiutupe, aupeleke kwa kuku, na kuku wakaula kwa furaha. Wiki sita kuku wa nyumba ile walikula vizuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Ezekia alipanda kwenye kigoda kuyashusha mahindi. Alipoushika mtungo wa kwanza mkono wake ulipanda juu wenyewe, kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Akaufungua. Punje zilikuwa zimesimama mahali pake, mstari kwa mstari, na kila punje ilikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu alichungulia fukusi. Akafungua wa pili. Akafungua yote. Kisha akaleta beseni la maji, kama wanavyofanya watu wa kule wanapotaka kujua mbegu nzima na mbegu bovu, akapukuchua na kumwaga. Mbegu nzima huzama. Zote zilielea. Zikazunguka juu ya maji kama makapi, na watoto wake wakasimama mlangoni wakitazama, na hakuna aliyewaambia waondoke.

Tabea alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote. Hakulia. Alianza kukifungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili, akalivua, akalikunja, akaliweka magotini mwa mwanawe. Akasema, "Mwanangu, nilikuomba moto wa mbegu, ukanipa koti."

Mngedhani hapo angezinduka. Lakini tabia ya mtu haifi kwa neno moja, hata likiwa neno la mama. Ezekia alikaa na lile beseni mpaka jua likawa kali, na mwisho akashindwa kuzimwaga. Labda kati yake zipo chache zenye uhai, alisema, kuzitupa ni kupoteza, na kununua za dukani wakati hizi zipo ni kupoteza mara mbili. Akazianika, akazipanda zote, shamba zima, punje tatu kila shimo, mistari imenyooka. Wiki tatu akaenda kila asubuhi kutazama. Iliota miche kumi na mmoja. Panya walikula saba, na minne iliyobaki ilisimama mbali mbali, isiweze hata kuchavushana. Alipokubali na kwenda dukani, mwezi ulikuwa umepita, na mbegu ya dukani aliyoipanda kwa kuchelewa ilikuwa ngeni kwa nchi ile. Mwezi wa sita, wakati mahindi ya wengine yamekauka tayari kuvunwa, yake yalikuwa bado maziwa. Baridi kali ikashuka usiku tatu mfululizo, ikayaunguza majani yote. Aliyakata akawapa nguruwe.

Bustani yake haikuwaacha wafe, lazima niseme haki. Walikula viazi na kabichi, kisha viazi, kisha maji ya viazi. Tabea alikula kidogo kuliko wote. Alisema ameshiba kabla ya wajukuu kushika vijiko. Ezekia alimsihi, Vaileti alimsihi, naye akawa mpole tu, mtu aliyemaliza kazi yake vibaya na hana jingine la kufanya. Kilichomwuma hakikuwa tumbo. Kilikuwa kitu alichokabidhiwa na mama mkwe wake kikiwa kizima, na kikafia mikononi mwake akiwa anakitazama. Alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, kabla uji haujamiminwa kutoka kwenye chupa. Hakuna aliyesema amekufa kwa njaa. Walisema ni uzee.

Majirani walikuja msibani kama ilivyo desturi ya kule, kila mmoja na mzigo wa kuni begani na bakuli la unga. Unga waliupokea wanawake. Kuni wakaziweka chini kando ya rundo la Ezekia, na walipoliona jinsi lilivyo kubwa wakazichukua tena mikononi wasijue waziweke wapi. Ezekia mwenyewe ndiye aliyewasha moto. Aliuwasha asubuhi, akaukoleza mchana, akaukoleza jioni, akiburuta magogo mawili mawili, na hakuna aliyemzuia. Siku nne jiko lile lilitoa moshi tangu macheo, ukapanda kwenye boriti ambazo hazikuwa na kitu.

Yuko hai hata leo, na bado anabana. Anapasua njiti, anakanda sabuni. Lakini kila mwaka, mvua zikikaribia, anakwenda dukani na wenzake kununua mbegu, kwa kuwa za nyumbani hana, na mwakani atakwenda tena, na binti zake watakwenda baada yake. Moto wa jikoni hauzimwi siku hizi. Mgeni akimwuliza wa nini, anasogeza gogo ndani ya mafiga na kutazama boriti.

Nami sikuja hapa kuwaambia mchome kuni ovyo. Baneni. Mwenye kuokoa maji ayaokoe, na mwenye kupasua njiti aipasue. Lakini wapo hapa waliopunguza maongezi ya jioni kwa kuwa hayaleti kitu. Wapo walioacha kumtembelea ndugu kwa kuwa nauli imepanda, na waliofuta sala ya pamoja ili watoto wapate muda wa kusoma, na waliomnyamazisha mzee wa nyumba kwa kumpa kitu kizuri. Rundo lenu linapanda, na watu wanalisifu. Nakuuliza wewe, na ujibu ukiwa peke yako: mwaka huu umezima nini nyumbani kwako, na kilikuwa kinalinda nini?