Kofia za Stoo

Mkandarasi Kihundwa, mkono wa birika, alifungia kofia ngumu stoo zisichakae. Zilitoka siku ya mkaguzi tu, hata baada ya tofali kumpasua kibarua wake Sefu kichwa.

Kesho yake, mtu mwenye koti na kalamu sikioni alisimama ng'ambo ya barabara, akilikodolea macho jengo.

"Mbwiga, yule nani?" Kihundwa alimnong'oneza fundi wake.

"Tajiri, mie fundi tu. Ila naona anatazama vichwa."

"Wape watu kofia, haraka! Naye mpelekee supu."

Tangu hapo mtu yule hakukosa kuja, na kofia hazikurudi stoo.

Asubuhi moja, akipokea bakuli, alinung'unika:

"Shemeji Mbwiga, mwambie bosi wako aongeze chapati. Mkaguzi gani hunywa supu tupu?"