Kigingi cha Mtaalamu Fisi

Hapo kale na kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na halmashauri yao na mihuri yao, aliishi Nguchiro, mjane mwenye mwili mdogo na macho mepesi. Aliuza mchicha na bamia kando ya njia, na alikuwa na watoto wanne wa kulisha.

Mwaka huo halmashauri ikaamua kujenga soko. Nguchiro alifurahi, mpaka aliposikia litajengwa wapi: bondeni, palepale ambapo masika yaliyopita maji yalizoa meza yake na nusura yamzoe kitinda mimba wake. Alimdaka mkia, ndipo mtoto akapona.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Nyati. Yeye alipapenda bondeni kwa sababu moja tu: palikuwa karibu na lango lake, na kupanda mlima hakukutaka. Wanyama wadogo walipolalamika, aliwaambia watulie, kwani upembuzi yakinifu utafanywa na mtaalamu huru, asiyeegemea upande wowote, naye ndiye atakayesema kama mahali panafaa au hapafai.

Mtaalamu huyo huru alikuwa Fisi. Alifikia kwa Nyati, akala kwa Nyati, akalala kwa Nyati. Siku tano nzima hakukanyaga bondeni hata kwa bahati mbaya. Siku ya sita akatoa taarifa ya kurasa arobaini yenye neno moja la maana: panafaa.

Nguchiro alizipata habari hizo akichambua mchicha jikoni, moyo ukamuuma. Kubishana na Nyati ni kubishana na pembe. Akachambua, akawaza, kisha akatabasamu peke yake.

Mkutano wa kupitisha taarifa ulifanyika hukohuko bondeni. Nguchiro akasimama, akapiga goti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi wadogo tumeridhika. Ombi letu ni moja. Mtaalamu ametufaa sana. Tumpe kiwanja hapahapa sokoni, ahamie na mkewe na wanawe. Nyumba tutamjengea sisi."

Nyati akapendezwa, akapiga kwato chini, di! Limepita. Fisi naye, nani akatae nyumba ya bure mbele ya watu? Nguchiro akamkabidhi kigingi, nyundo akabaki nayo mwenyewe, akamwomba achague mahali.

Fisi akainua kigingi, na kwa mara ya kwanza akatazama chini. Udongo ulikuwa unanata miguuni, chwa, chwa. Akatazama shina la mti: alama ya tope ilipita masikio yake. Akasema hapo jua ni kali mno, akasogea.

"Hapa, baba?" akauliza Nguchiro.

"Juu kidogo."

Wakapanda. Fisi mbele, Nguchiro na nyundo nyuma yake, mkutano mzima ukifuata, Nyati mkiani akihema kama mvukuto. Kila walipofika, Fisi alisema juu kidogo. Pale upepo, pale siafu, pale kivuli kibaya. Hatimaye, karibu na kilele, kwenye udongo mwekundu mkavu, akasimika kigingi. Nguchiro akakigonga: ko, ko, ko.

"Mbona mbali na soko, baba?" akauliza kwa upole.

Fisi alikuwa amechoka hata akasahau anakula kwa nani. "Mimi nina watoto, mama. Kule chini masika yakija, si watazolewa?"

Kobe akaanza, kwi kwi kwi, na mlima mzima ukaangua kicheko. Nguchiro hakucheka.

"Mheshimiwa," akamwambia Nyati, "upembuzi umekamilika sasa hivi. Hata sisi tuna watoto."

Nyati akapiga kwato chini, safari hii polepole: di. Soko likajengwa juu, penye kigingi. Masika yalipokuja, bonde likawa ziwa, na Nguchiro akauza bamia zake pakavu, huku Mwenyekiti akipanda mlima kila Jumamosi kununua mchicha, kimya kimya.

Ndiyo maana wahenga wetu wa kijijini husema: apimaye kiwanja cha wenzake hupima kwa mdomo, apimaye chake hupima kwa macho.