Chaja ya Sultani na Cheti cha Siku Tatu

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya majini na mazimwi, maana umeme ulikwisha fika na kukatika ulikwisha zoea, mji wa Mchangamle ulikuwa na Sultani aitwaye Mwinyi Zahoro. Sultani huyu alijinunulia gari la umeme, lisiloonja petroli, ikawa sasa anataka chaja ya kulilishia, ifungwe ukutani mwa jumba lake, chini kabisa ya chumba anacholala.

Kazi akampa Nasibu, mpwa wa mkewe. Nasibu alikuwa na cheti. Alikipata kwa siku tatu katika hoteli moja, kikapigwa mihuri miwili ya Sultani, na jinsi alivyokining'iniza shingoni ungedhani kazaliwa nacho. Wenye midomo yao walisema kabla ya hapo alikuwa akiuza marashi, na kwa kweli alinukia vizuri.

Basi alikuwapo fundi mwingine, Feruzi, fukara wa kutupwa, mwenye ngazi moja na miaka ishirini ya kutambaa darini kwa watu. Cheti hakuwa nacho. Siku hiyo alikuja jumbani kubadili balbu ya jikoni, akauona waya aliotandaza Nasibu: mwembamba, wa kuwashia taa, umetoka jikoni hadi kwenye chaja ya gari, na uliobaki umeviringwa mlangoni kama chatu aliyeshiba. Akasema, maskini, kwa sauti: "Waya huu utaanza kupika kabla ya mpishi."

Maneno yakamfikia Sultani kabla Feruzi hajashuka ngazi. Akaitwa barazani.

"Wewe Feruzi, una cheti?"

"Sina, Bwana wangu."

"Na Nasibu anacho?"

"Anacho, Bwana wangu. Hata vipofu wamekwisha kukiona."

Watu wa baraza wakainama wakikohoa. Sultani akafura. "Umeitia doa mihuri yangu. Basi kesho alasiri utanionyesha ubovu wa waya huo. Lakini asiye na cheti hagusi kitu: usiguse waya, wala ukuta, wala chombo. Na usitamke hata neno moja la kumsema vibaya fundi wangu. Ukishindwa, wewe na mkeo mtahama mji huu kabla ya magharibi."

Mkewe, Mwanahawa, alipopata habari akaanza kukunja mikeka. "Mume wangu, uliitwa kubadili balbu. Balbu moja. Huo mdomo nao uliitwa na nani?"

"Sufuria usifunge kwanza," akajibu Feruzi. "Kesho tutapikia."

Kesho yake baraza likajaa pomoni, hata waliokuwa wagonjwa walipona. Feruzi akaja, mikono nyuma.

"Bwana wangu, mpishi akikuletea pilau, hufanyaje?"

"Huonja kwanza, mbele yangu. Ndiyo ada ya jumba hili."

"Na seremala akikuletea kitanda?"

"Hukilalia kwanza yeye."

"Basi fundi mwenye mihuri miwili asinyimwe heshima ya mpishi. Gari liwekwe kwenye chaja, naye Nasibu aukalie ule waya ulioviringwa, anywe kahawa mpaka gari lishibe."

Sultani akaona ni ada, na Nasibu akaona ni sifa. Akakunja kanzu yake nyeupe, akaketi.

Kikombe cha kwanza, alilieleza baraza habari za umeme kana kwamba ni jirani yake. Cha pili, akawa anahamia upande huu, mara upande ule. Cha tatu, akasema, "Bwana wangu, niruhusu, nimekumbuka nina maziko."

"Ya nani?"

"Bado sijajua."

"Kaa," akasema Sultani.

Akakaa. Ikaja harufu ya plastiki, kisha uzi wa moshi, kisha Nasibu akaruka kama bisi. Feruzi, mikono bado nyuma, akamwomba mpishi azime swichi kuu. Wote wakatazama nyuma ya ile kanzu, pamechorwa duara la kahawia, duara ndani ya duara. Mmoja akasema huo sasa ni muhuri wa tatu.

Sultani akainua macho darini, akakumbuka kitanda chake kiko wapi. "Nasibu, siku tatu zile mlifundishwa nini?"

"Ya kwanza ilikuwa ufunguzi, Bwana wangu. Ya pili, kupiga picha. Ya tatu, kupewa vyeti."

"Na waya?"

"Waya upo kwenye picha."

Sultani akacheka hadi kilemba kikamfunguka, kisha akanyamaza ghafla, maana mihuri ni yake. "Feruzi, mji ni wako na mkeo. Leo nakupigia mihuri minne, na kesho unifungie chaja."

"Bwana wangu, chaja ya gari sijafunga hata moja. Nilichojua ni kwamba waya ule ni mwembamba. Chaja ina mafunzo yake, na mtihani wa kushika kazi mbele ya ajuaye. Nipe nauli na miezi mitatu. Nikifaulu, ndipo ugonge muhuri."

"Na gari langu?"

"Litapumzika, Bwana wangu."

Ikawa gari likafunikwa shuka, na Sultani kwa miezi mitatu akaenda kusali Ijumaa juu ya punda, akiitikia salamu ambazo hazijapata kuwa nyingi vile. Naye Nasibu akaamriwa kufuatana na Feruzi mafunzoni, na wiki nzima ya kwanza, darasa lote limeketi, yeye akasoma amesimama.