Mkamwana Aliyesemewa

Mama Mbonea alikuwa na mkamwana mmoja, Eliwaza, naye alimpenda kama binti wa kumzaa. Kijiji chao kilikuwa juu milimani, na zahanati hakikuwa nayo. Lakini simu ilikuwapo, na kule mjini alikuwapo daktari aliyeitwa Nakijwa, aliyewatibu watu wa milimani kwa simu. Aliwasikiliza, akawauliza, kisha akatuma jina la dawa kwenye duka la kijijini.

Katika ukoo ule mke mgeni hakutaja habari za mwili wake. Mama mkwe ndiye aliyemsemea. Desturi hiyo ilizaliwa na upendo, na sitaki mtu aicheke.

Asubuhi moja Eliwaza akashikwa na tumbo. Mama Mbonea akachukua simu, akaweka sauti kubwa ili baba mkwe na mashemeji wasikie, akaeleza yote mwenyewe. Alisema lilianza lini na mgonjwa alikula nini. Hata dawa aliitaja, kwa kuwa mwaka jana ilimponya yeye. Eliwaza alikaa kwenye kigoda, ameinama, akiitikia kwa kichwa. Sasa kichwa hakisikiki kwenye simu.

Daktari akaomba aongee na mgonjwa. Akaambiwa mgonjwa ana haya. Akaomba tena. Baba mkwe akafoka kwamba madaktari wengine hutuma dawa bila maswali, huyu ana maringo gani?

Hapo palikuwa na mtihani. Wagonjwa wengine tisa walikuwa wakimsubiri Nakijwa kwenye simu. Dawa ile haikuwa sumu, kuituma ni kazi ya pumzi moja, na nyumba nzima ingemshukuru. Lakini alikuwa ameapa, na sheria ya kazi yake ilimtaka amjue anayemtibu, awe mbali au karibu. Hakuyumba. Alisema:

"Mama, nakuheshimu sana, lakini tumbo si lako. Mpe Eliwaza simu, zima hiyo sauti kubwa, kisha tokeni nje wote."

Wakatoka wamenuna. Mama Mbonea alitoka wa mwisho, machozi yakimlengalenga, maana alijiona kama aliyenyang'anywa mwana.

Eliwaza aliongea dakika tatu tu. Alisema alichomficha kila mtu: miezi miwili hajaona siku zake, maumivu yako upande mmoja, na tangu alfajiri anaona kizunguzungu. Nakijwa akahofu kwamba mimba imetunga nje ya kizazi, na kwamba yule binti anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mkono wake haukufika kule mlimani, naye hakujifanya kwamba unafika. Dawa hakutuma. Alimwomba Eliwaza ruhusa ya kuwaambia wakwe jambo moja tu, naye akakubali. Daktari akawaambia wambebe hadi hospitali sasa hivi, wasingoje hata chai. Wakamlaza kwenye machela ya miti, wakashuka naye mbio. Akapasuliwa alasiri ile, akapona. Waliompasua walisema angechelewa hadi jioni, wangemzika.

Kesho yake Mama Mbonea akampigia daktari kuuliza Eliwaza alisema nini kule ndani. Nakijwa akamjibu kwa upole kwamba habari hizo ni za Eliwaza, amwulize mwenyewe. Mama akakasirika kidogo, kisha akaenda wodini, akamwuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwuliza. Wakaongea mpaka uji ukapoa, na mama akalia kwa mambo aliyoyasikia.

Basi nawauliza ninyi mnaowasemea wenzenu kwa upendo, mbele ya tabibu, mbele ya hakimu, hata mbele za Mungu: ni lini mlitoka nje mkawaacha waseme?