Kokoto Chini ya Ulimi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kasuku ndio walikuwa simu na ndio walikuwa mtandao, palikuwa na wanyama waliojiita Watulivu. Wakati huo kasuku mmoja akisema neno asubuhi, wa mti wa pili analidaka, wa mti wa tatu analirusha, na kabla jua halijafika utosini neno limeshavuka milima. Likishavuka, haya, kalirudishe wewe!

Watulivu hawakutaka mambo hayo. Walikutana ndani ya boma la miiba, mlango ukafungwa. Kwanza mmoja wao alitoa mafunzo ya kutuliza moyo. Kisha wakatua mizigo, yaani kila mmoja aliungama kosa lake, na wenzake wakamsikiliza bila kumcheka. Wakati wa kutoka kila mmoja alitiwa kokoto chini ya ulimi, asilitoe mpaka afike mtoni, ili maneno ya ndani yabaki ndani. Ukilitema kabla ya mto, na wewe umetemwa chamani.

Mkuu wao alikuwa Mzee Tembo. Msaidizi wake alikuwa Bwana Kifaru, mwenye sauti kubwa kuliko hoja. Na mgawaji wa makokoto alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, mjanja wa kukonyeza hata usingizini.

Lakini siku hizo Nguchiro hakuwa na raha. Dada yake aliyeolewa ng'ambo, Bonde la Mawe, alikuwa amefiwa na mume. Mwewe alishuka, fyuu! Mume hayupo. Tangu hapo dada hakutoka shimoni. Uji akipelekewa, unarudi kama ulivyokwenda. Nguchiro alimpenda mno dada huyo, akaona kabisa kwamba asipopata neno la kumwamsha, atamzika.

Akamwendea Mzee Tembo, Kifaru na wengine wakiwapo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Nguchiro. Mbona leo huruki?"

"Mzee, nasikia kesho Mama Kiboko anafundisha juu ya msiba. Naomba Kasuku ayasikie mafunzo, yamfikie dada yangu."

"Kasuku!" Kifaru alipiga kwato, puu! "Kasuku asikie ya humu? Abadani!"

Mzee Tembo akapunga masikio taratibu. "Mwanangu, neno la boma ni uji wa moto. Sisi humu tunajua kuupuliza. Wa nje wataugida, waungue, kisha watulaumu. Mlete dada yako hapa."

"Mzee, hata kusimama hawezi!"

"Basi tumwombee." Mzee Tembo akawageukia wenzake. "Mimi nasema maneno hayatoki. Anayepinga aseme kwa kinywa chake, maana kwetu kutikisa kichwa hakuhesabiki."

Kila mmoja alimwogopa Tembo. Nguchiro alipanua mdomo, akaona jinsi Kifaru alivyomkodolea, akaufunga.

"Kimya ni ridhaa," akasema Tembo. "Imepita."

Nguchiro akaondoka na machozi. Alipofika njiani akasimama ghafla. Masikio yakasimama, mkia ukasimama.

"Kumbe!" akasema. "Kimya ni ridhaa? Haya, tutaona."

Kesho yake akamtia Kasuku ndani ya kikapu cha makokoto, akamfunika kwa majani.

"Sikia mafunzo tu," akamnong'oneza. "Tukianza kutua mizigo, wewe lala."

"Nimeelewa, rafiki yangu. Kwaak!"

"Shhh!"

Boma likajaa, mlango ukafungwa. Mama Kiboko akasimama, mzito, mpole. Akasema, "Nilipofiwa na mwanangu nilikaa chini ya maji. Nilidhani nikiibuka nikavuta pumzi, nitakuwa nimemsahau. Siku moja mapafu yakanishinda, nikaibuka. Nikavuta pumzi. Sikumsahau. Nikavuta ya pili, bado yupo moyoni. Ndugu zangu, pumzi haimfuti mtu. Ibukeni."

Nguchiro alilia waziwazi, asijali nani anamwona.

Wakaanza kutua mizigo. Kifaru akatua wake, Tembo akatua wake. Nguchiro naye, moyo ukiwa bado laini, akatua wake kwa sauti ya chini, akasahau kabisa nani yumo kikapuni.

Wakati wa kutoka akasimama mlangoni na kikapu chake. "Asama, panua kinywa, Bwana Kifaru! Asama, mzee wangu!" Kila kinywa kikapata kokoto la kutosha. Wote walipokwisha kutoka, Nguchiro, ambaye kwa desturi hujitilia lake mwisho, akaruka juu ya kichuguu.

"Ndugu Watulivu! Naomba Kasuku apeleke maneno ya Mama Kiboko Bonde la Mawe. Anayepinga aseme!"

Macho yakawatoka. Kifaru akatikisa pembe. Tembo akatikisa mkonga.

"Kutikisa hakuhesabiki, wazee wangu. Nasema anayepinga aseme kwa kinywa chake!"

Kifaru akavimba mashavu nusura apasuke. Kusema hawezi, kutema haruhusiwi, na mto uko mbali!

"Kimya ni ridhaa," akasema Nguchiro. "Imepita!" Akafunua majani. Pruuu! Kasuku huyo angani. Nguchiro akatupia kokoto lake kinywani na kushika njia, kama mtu asiyejua lolote.

Kasuku wakadaka, wakarusha. Kule Bonde la Mawe sauti ikaingia mpaka shimoni: "Pumzi haimfuti mtu! Ibukeni!" Dada mtu akainua kichwa. Akalia sana, kilio ambacho tangu msiba kilikuwa kimemkwama kooni. Kisha akatoka juani, akavuta pumzi. "Jamani," akawaambia majirani, "hakuna uji hapa?"

Habari ziliporudi, Nguchiro alicheza ngoma peke yake uani.

Lakini kasuku, wanangu, hajui kulala mbele ya uhondo. Asubuhi iliyofuata msitu ukaamka na mengine: "Kwaak! Bwana Kifaru anaogopa vipepeo! Kwaak! Mzee Tembo husinzia dua zinapoombwa!"

Vipepeo wakaja kutembea mbele ya nyumba ya Kifaru, makusudi. Jitu zima likajifungia ndani siku kutwa, likilia kwa aibu. Nguchiro alicheka mpaka akaanguka chali. Akiwa bado chali akasikia:

"Kwaak! Nguchiro alitumwa na dada yake ampelekee mama yao mayai ya kanga! Akayala njiani! Akamsingizia Kenge!"

Kicheko kikamkauka. "Mama yangu! Kasuku, rudi! Nyamaza!"

Nani aliwahi kumrudisha kasuku?

Watulivu walipokutana tena, Nguchiro aliingia akiwa amejikunyata. Kikapu alinyang'anywa, kikashikwa na Mzee Tembo mwenyewe. Kifaru alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mliniahidi hamtanicheka," akasema. "Leo nachekwa hata na viwavi."

Nguchiro akaona haya ya kweli. "Nisamehe, Bwana Kifaru. Nilitaka dawa ya dada yangu, nikaibeba pamoja na kidonda chako."

"Habari yangu mimi isemwe popote," akasema Mama Kiboko. "Nilipika ili iliwe. Swala na ngiri wamejaa kwangu, wanataka kuisikia tena."

Mzee Tembo akafikiri, akashusha pumzi. "Na mimi nilikosea. Kuanzia leo mafunzo yatoke, mwenyewe akiridhia. Mizigo ibaki ndani, na kasuku wasikaribie."

Wote wakakubali, safari hii kwa vinywa. Wakati wa kutoka Tembo akagawa makokoto. Nguchiro akachaguliwa la pekee, kubwa, la mviringo kama yai.

"Asama, mwanangu. Likutoshe."

Nje ya mlango, mkono kiunoni, amesimama dada mtu, amenona kidogo, mwiko mkononi. Ubavuni mwake yupo Kenge, aliyechukiwa mtaa mzima kwa kosa asilolijua.

"Mdogo wangu!" dada akafoka. "Nguvu zimenirudia. Mayai yangu yako wapi?"

"Mmmh! Mmmh!" Nguchiro akatikisa kichwa, akatikisa mkia.

Mzee Tembo, ambaye lake hakuwa amejitilia bado, akakohoa. "Ndugu Watulivu! Naomba Nguchiro awatafutie dada yake na Bwana Kenge mayai kila asubuhi mpaka masika. Anayepinga aseme kwa kinywa chake!"

Mashavu ya Nguchiro yakavimba. Macho yakaenda mtoni, na mto uko mbali. Kifaru alitikisika mbavu kwa kicheko, kokoto likimgonga meno, ko-ko-ko.

"Kimya ni ridhaa," akasema Mzee Tembo. "Imepita."

Hadithi yangu imefika mtoni, nami natema kokoto langu: fundisho mpe kila mwenye kiu, siri mwachie mwenyewe.