Bi Pimbi na Kesi ya Vyungu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipojenga nyumba, wakapika na kudamkia kazini kama baba zenu na mama zenu, Mama Tembo alikuwa na karakana ya vyungu kando ya mto. Vyungu vyake vilisifika! Ukila wali kwenye harusi ya Twiga au matanga ya Swala, ujue umepikwa kwenye chungu cha Mama Tembo.

Humo alifanya kazi Bi Pimbi. Alivilainisha vyungu vibichi kwa kokoto la mtoni kabla havijachomwa. Alikuwa mdogo wa mwili, mjane, naye aliishi na wanawe wawili katika nyumba ya karakana, chini ya jiwe kubwa. Ukiwa na kazi, una nyumba. Ukifukuzwa, beba watoto wako uondoke.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipokuja msimamizi mpya, Bwana Nyati. Loo! Kifua kama mlango wa ngome, pembe huku na huku, na sauti ya radi.

"Pimbi! Unalainisha chungu au unakibembeleza?"

"Pimbi! Mbona unatembea kama umebeba mayai?"

Chuki hiyo ilikuwa na chanzo. Siku za mwanzo, Nyati alimwamuru akamlimie shamba lake baada ya kazi. Bi Pimbi akajibu kwa adabu, "Niwie radhi, bwana. Leo sitaweza, mwanangu ana homa." Hilo tu. Tangu hapo akawa mwiba kwatoni mwa Nyati.

Basi siku moja Mama Tembo alikwenda kumzika shangazi yake mbali. Mchana, mgongo ukamwasha Nyati. Akatazama huku, akatazama kule, akauona uchanja uliopangwa vyungu vibichi. Akauegemea.

Kwaru! Kwaru! "Aaah!" Kwaru! Kwaru! "Aaah, hapo hapo!"

Pwaaa! Uchanja chini, vyungu chini, vumbi juu!

Waliokuwa karibu ni wawili: Bi Pimbi, na shoga yake Bi Kanga, mchora nakshi za vyungu. Nyati akawakazia macho mekundu.

"Mmeona nini?"

"Hatukuona kitu, bwana," akasema Bi Kanga haraka.

Bi Pimbi akainama kuokota vigae, wala hakukana kuona. Jambo hilo lilimtisha Nyati kuliko maneno.

Mama Tembo aliporudi, Nyati alikuwa wa kwanza kumlaki langoni. "Mama, tumekwisha! Pimbi alipanda juu ya uchanja akalala. Kazini, Mama! Akagaagaa usingizini, vyungu vyote chini! Nimemwona kwa macho yangu!"

Mama Tembo alikuwa amechoka kwa msiba na safari. Hakuuliza mara mbili. "Asimamishwe kazi. Kesho asubuhi tutakaa kikao. Ikithibitika, yeye na watoto wake watahama."

Jioni ile Bi Pimbi alipika uji, lakini hakuweza kuumeza. Aliwatazama wanawe wakigombania ukoko kando ya mizigo waliyokwisha kuifunga, akalitazama wingu la masika lililokuwa likijikusanya juu ya kilima. Angewapeleka wapi?

Mara, hodi hodi! Bi Kanga huyo, machozi yanamtiririka.

"Shoga, nisamehe. Nyati ametuita mmoja mmoja. Anataka tuseme ulilala. Atakayekataa, atafukuzwa pamoja nawe. Nami nimeatamia, shoga yangu! Nitaatamia wapi?"

"Sikulaumu," akasema Bi Pimbi. "Keti, unywe uji."

"Utasema nini kesho?"

"Nikisema ni yeye, atasema ni mimi. Neno langu na neno lake, na yeye ana pembe." Akakoroga uji taratibu. "Lakini huyu bwana ana njaa nami, Kanga. Kila baya likisemwa juu yangu, analimeza bila kutafuna. Basi kesho nitampakulia mpaka avimbiwe."

Asubuhi wafanyakazi wote wakakaa uani. Mama Tembo katikati, Nyati ubavuni pake, akipuliza pua, fwooo! fwooo! Bi Pimbi akaketi mbele yao, amejifunga kanga kifuani.

"Pimbi, umeyasikia mashtaka," akasema Mama Tembo. "Una la kujitetea?"

"Sina, Mama. Kweli nililala."

"Haa!" Wote uani wakaguna. Bi Kanga akafunika uso kwa bawa.

Nyati akaruka. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

"Nililala usingizi wa pono, Mama. Nikakoroma."

"Alikoroma!" akadakia Nyati. "Nilimsikia toka langoni! Khrrr! Khrrr!"

"Tena nikaanza kuota ndoto mbaya, nikawa napiga kelele."

"Kelele gani hizo! Masikio yaliniuma!"

Bi Pimbi akainamisha kichwa kama mwenye haya. "Na kilichouangusha uchanja, Mama, ni mkia wangu. Niliuzungusha usingizini ukaupiga."

"Mkia! Naam, mkia!" Nyati alikuwa amesimama, povu mdomoni. "Niliuona kwa macho yangu! Ulizunguka hivi, vuup! Ukaupiga uchanja, pwaaa!"

"Bwana msimamizi alikuwa karibu," akasema Bi Pimbi polepole. "Labda atakumbuka. Ni mkia mrefu?"

"Mrefu! Kama kamba ya kisimani!"

"Wenye kishungi mwishoni?"

"Kishungi kikubwa! Cheusi! Hata mimi sina kishungi kama kile!"

Hapo wafanyakazi wakatazamana.

Kisha huko nyuma mtu akakohoa. Mwingine akaziba mdomo. Bi Kanga akashindwa kabisa: "Kekekeke!"

Bi Pimbi akainuka, akageuka mgongo, akapandisha kanga yake kidogo tu, kwa heshima.

Wanangu, nani kati yenu amewahi kuuona mkia wa pimbi? Hakuna! Pimbi hana mkia. Babu yake hakuwa nao, na mjukuu wake hatakuwa nao.

Mama Tembo akatazama. Akamgeukia Nyati, masikio yameinuka.

"Nyati. Mkia uko wapi?"

"Mama, ule... yaani... labda umekatika!"

Kicheko kilichozuka hapo kiliwafukuza ndege mitini. Lakini Bi Pimbi hakucheka. Akamtazama Nyati usoni.

"Kiangazi chote nimefanya kazi mbele yako, bwana. Umenifokea kila siku. Lakini hata siku moja hukunitazama."

Bi Kanga akasimama. "Mama, nifukuze ukitaka. Vyungu vilivunjwa na Bwana Nyati akijikuna mgongo. Tulimwona!"

"Hata udongo wa vyungu vibichi bado umemganda mgongoni!" akapaza sauti mwingine.

Nyati akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akagonga ukuta. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mama Tembo akainamisha mkonga mbele ya Bi Pimbi. "Wa kwanza kukosa ni mimi, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Rudi kazini, na nyumba ni yako." Kisha akamwambia Nyati, "Nawe, usimamizi basi. Miguu yako ni mizito, shuka shimoni ukakande udongo."

Bi Pimbi akaenda kwanza nyumbani kuwaambia wanawe wafungue mizigo. Mvua ya kwanza ilianza alipokuwa njiani.

Hadithi yangu inaishia hapo, nanyi mkalale na neno moja: atafutaye kosa kwa udi na uvumba, huona hata lisilokuwapo.